Sinia la Dira za Baba

Ndimu ikikutana na jivu la kuni, wengine husikia harufu ya samaki wa kuoshwa. Mie nasikia shaba. Namwona baba Ijumaa asubuhi, kanzu kaikunja magotini, dira zake kazitandaza mkekani, anazisugua moja moja kwa kipande cha msuli mkuukuu.

Tulikaa Mbagala, enzi za Mwingereza, wakati Mbagala ni minazi na mikorosho na barabara ya Kilwa ni mchanga mtupu. Baba alikuwa karani wa forodhani. Makarani wenzake wakirudi na mikate ya mjini, yeye anarudi na dira ya mfukoni: hii kanunua kwa baharia, ile kwa Mhindi wa vitu vikuukuu, nyingine kaiacha Mjerumani na kioo kimepasuka. Sinia zima lilijaa. Akizipenda kwa kuwa, ati, dira haina ujomba. Uibembeleze, uitukane, itakuonyesha kaskazini palepale. Alikuwa pia na saa ya jua, sahani ya shaba yenye bapa lililosimama katikati ili litupe kivuli kwenye tarakimu. Ilitengenezwa kwa jua la Ulaya, kwa hiyo huku kwetu ilidanganya mchana kutwa. Mama akimcheka, "Bwana wee, hiyo saa yako ishaswali adhuhuri, na mie hata nazi sijakuna!"

Baba akafa kwa homa, nami bado mdogo. Sikulia. Watu wakanikumbatia, wakaninywesha uji, wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Wala haukuwa mgumu, ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Ukiufinya, unajua tu kuwa ni wako.

Baada ya arobaini wakaja ndugu zake: baba mkubwa kutoka Chamazi, baba mdogo, na shangazi, dada yao. Shehe wa kugawa mirathi angefuata. Nilijua wana na jingine. Shangazi alishaninong'oneza nifunge nguo zangu, maana mtoto ni wa kuumeni, na baba mkubwa anataka nikalelewe kwake. Nikafunga kifurushi changu, nikakiweka mlangoni. Kwenda, kubaki, yote kwangu yalikuwa mamoja. Nilichotaka ni kuzishika tena zile dira, basi.

Mama alikuwa bado kwenye eda, kwa hiyo alikaa chumbani na kusema nao nyuma ya pazia. Shehe akagawa kwa haki. Mie nikapata minazi, baba zangu na dada yao mikorosho, na lile sinia la dira pamoja na saa ya jua likaangukia fungu la mama. Nikasema moyoni, afadhali.

Mara pazia likafunguka kidogo. Ukatoka mkono wa mama, ukalisukuma sinia hadi miguuni pa wanaume.

"Shemeji, chukueni. Zote."

Baba mkubwa akakohoa. "Lakini shemeji, hii ni haki yako."

"Najua. Chukueni."

Wale ndugu wawili walikuwa wakizimezea mate dira hizo tangu marehemu yu hai. Sasa wakaanza kugawana, na jinsi walivyoogopa kudhulumiana! Moja huku, moja kule, mpaka ikabaki saa ya jua. "Chukua wewe, kaka." "Hata, utaninung'unikia." Mwisho baba mdogo akaomba koleo, akaling'oa lile bapa. Mmoja akafunga sahani kwenye leso yake, mwingine akatia bapa mfukoni, wote wawili wameridhika. Lo! Kichekesho kile, na mie nikakitazama kama ninavyotazama ukuta.

Wakaaga, wakaenda zao. Kifurushi changu kikabaki palepale mlangoni. Hakuna aliyekigusa, nami sikuuliza. Nilimchukia mama, chuki baridi isiyo na kelele. Akiniita naitika labeka, namtekea maji, nampikia, ila moyo haupo. Nikaolewa, nikazaa, nikawahadithia wanangu jinsi bibi yao alivyogawa mali ya baba yetu kama mtu anayegawa mihogo.

Siku mama alipofariki tulikaa jamvini, mimi na shangazi, naye keshakuwa kikongwe. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini. Nikayarudia yale yale ya dira. Shangazi akaiacha tasbihi yake, akanikazia macho.

"Mwanangu, we mpaka leo hujui? Asubuhi ile, kabla shehe hajafika, mama yako aliniita chumbani, akanituma kwa kaka zangu. Alisema, waambie fungu langu watakalonipa wachukue lote, ila mtoto wangu haondoki."

Nikainuka pale pale niende chumbani kwa mama nikamwambie. Nimefika mlangoni, nimeshashika pazia, ndipo nikakumbuka kwamba tumeshamzika.