Mrututu Kwapani

Mwalimu wa kemia alinipa mada ya mrututu, niielezee darasani Jumapili, maana huku wiki ya shule huanza siku hiyo. Mimi mbele ya watu hata jina langu hunipotea. Basi Ijumaa nikajifungia bafuni, nikakihubiria kioo: mawe ya mrututu ni ya buluu kwa sababu ya maji yaliyomo, ukiyakaanga, maji hutoka, hubaki unga mweupe, uutie tone la maji, buluu hurudi. Unga wenyewe nilikuwa nao kwenye kikopo. Nikakisahau rafuni, ubavuni mwa shabu ya Bibi, ile nyeupe tunayopaka kwapani tusinuke.

Alasiri tukaondoka kwenda Wattaya kumposea kaka yangu. Kanzu nyeupe pepepe, udi unanuka gari zima. Tulipofika Al Khuwair kaka akaanza kujipinda.

"Bibi, kwapa linawaka moto!"

Akanyanyua mkono. Kanzu ina doa la buluu kama wino.

"Ya Rabbi!" Bibi akamaka. "Washamhusudu, na hata hatujafika! Nnalijua jicho la nani."

Mama akaanza kumsomea. Lakini mimi nilishajua.

"Si husuda," nikasema kwa sauti ya mbu. "Mrututu wangu, kaka kaupaka akidhani shabu. Ukipata jasho hutoa joto, hurudi buluu. Hutiwa kwenye mabwawa ya kuogelea, kuua uchafu wa kijani."

"Kwani mimi bwawa?"

Bibi akaangua kicheko. "Sisi Unguja tukitiwa kwenye vidonda. Tukilia hatuna hali!"

Kaka akajiosha kwenye kituo cha mafuta. Kwapa likapoa, doa likatanuka. Kanzu ya pili hana, na wakwe wanangoja.

Ukweni akakaa viwiko vimegandana na mbavu, anafuata kikombe cha kahawa kwa shingo kama kuku. Halua, anayoipenda kuliko sisi, hakuigusa.

"Mashaallah, kijana ana haya," mama mkwe akasema.

Baba mkwe akafurahi, akasimama. "Njoo nikukumbatie, mwanangu!"

Kaka kwa furaha akasahau. Akafungua mikono yote miwili.

Doa la buluu wote wakaliona. Kaka akanitazama, macho yanamtoka. Nikasimama.

"Mawe ya mrututu," nikaanza, "ni ya buluu kwa sababu ya maji yaliyomo..."

Nilipofika kwenye mabwawa ya kuogelea, mchumba alikuwa anafuta machozi kwa kucheka, na baba yake anamsukumia kaka sahani ya halua.

"Kula, mkwe wangu. Mikono inyanyue tu, tushaona."