Injini Kubwa, Breki Zilezile

Iko siku moja ya masika ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Usidhani uzee umeipoza. Juzi nimepita gereji hapa Sumbawanga, nikawakuta vijana wamelizunguka lori, wametoa injini yake wanafunga nyingine kubwa, wanacheka. Nikawauliza, "Na breki?" Mmoja akanijibu, "Shikamoo bibi. Breki zipo tu." Zipo tu! Nimerudi nyumbani nikashindwa kula. Basi kaa hapa unisikilize.

Marehemu mume wangu, Fulgensi, alikuwa na lori. Alipakia mahindi kijijini Kate, akateremka nayo hadi Wampembe ziwani, akarudi na dagaa. Lilikuwa gari zuri ila zito kupanda. Milima ile ya kutoka ziwani unaijua. Wenzake walimpita wakimpigia honi, wakamwita Konokono. Mwanamume aliyevumilia njaa na malaria akashindwa kuvumilia jina la konokono. Akanunua injini ya silinda sita iliyotolewa kwenye lori kubwa lililopinduka, fundi mmoja wa mjini akamfungia. Lo, lilivuta! Lilipanda mlima kama linakimbizwa na nyuki. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: waliomcheka jana wakamnunulia bia, naye kila akisifiwa akaongeza magunia. Breki zilibaki zilezile za gari dogo.

Baba yake, Mzee Sikazwe, enzi zake aliendesha lori la parokia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi ile lori lilikuwa sokoni Kate, limejaa mahindi, abiria wamekaa juu ya magunia, mimi nipo mbele na mtoto wangu mchanga kifuani. Mzee akaja, akasimama mbele ya bampa.

"Fulgensi, zima gari."

"Baba, tumechelewa."

"Umeongeza nguvu za kwenda. Za kusimama umeongeza lini?"

Watu wakacheka. Mume wangu akampigia baba yake honi. Honi, mwanangu! Usoni mwa aliyemzaa! Mzee hakushtuka. Alizunguka upande wangu, akafungua mlango.

"Mama, shuka na mjukuu wangu. Mkitaka kunichukia, nichukieni mkiwa hai."

Nilishuka kwa aibu, wala usinisifie busara. Baba mkwe habishiwi mbele za watu. Waliokuwa juu waliponiona chini, nao wakashuka mmoja mmoja, wananung'unika. Fulgensi akanitazama, akasema, "Hata wewe?" Hakuniambia neno lingine tena hapa duniani. Akaondoka na mahindi yake kwa kasi, ili sote tuone.

Ilikuwa kwenye mteremko mkali wa kwanza. Breki zilichemka, zikaacha kushika, na mzigo ule wote ukamsukuma korongoni. Tulipofika, mahindi yalikuwa yametapakaa kwenye matope, na watu wanayaokota kwenye vikapu kabla hata hawajamtoa mume wangu chini ya usukani. Niliwafukuza kwa fimbo. Ningewapata leo ningewachapa tena.

Msibani kila mtu alikuja na methali yake, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kana kwamba tumevunjika guu tu! Waliomnunulia bia walilia kwa sauti kunishinda. Fundi naye akaja na sukari mkononi. Nikamuuliza, "Ulijua kwamba breki zile hazitoshi?" Akainamisha kichwa. "Nilijua, mama. Ila mwenye gari hakuniuliza." Nikamrudishia sukari yake.

Na Fulgensi mwenyewe? Nililikasirikia jeneza lake. Hata leo nikimwombea kwenye misa, naomba huku nimekunja uso. Alimwachia mwanawe jina la ukoo na injini iliyovunjika. Mzee Sikazwe hakusema hata mara moja kwamba alituonya. Alinilimia shamba langu mpaka mtoto alipoweza kushika jembe.

Sasa sikia, mwanangu. Sikukatazi nguvu. Mpanda ngazi hushuka, na katika Ufipa yetu hii, ukitaka kufika ziwani huna budi kushuka. Ukitamani injini kubwa, shughulikia kwanza breki, springi na matairi. Vikikushinda, baki na gari lako lilivyo, uchelewe, uchekwe, ufike. Wewe fundi, ukijua, sema, hata kama hujaulizwa. Wewe unayemwagia mwenzako sifa kwenye baa, funga mdomo, maana hutamlelea watoto. Na mzee akisimama mbele ya gari lako, zima, shuka, umsikilize. Hakuja kukuaibisha, amekwisha kuona jeneza lako.

Haya, nenda. Mungu akupe nguvu, akupe na moyo wa kuzizuia. Akupandishe salama, akushushe salama, na wanao waijue sauti yako mpaka waichoke.