Mjomba wa Msichana wa Jumatano

Wenzake bandani walimwita Kimya, kwa sababu aliweza kumaliza zamu nzima bila kutoa neno, na hata kicheko chake kilitokea puani. Alikuwa ametunza farasi miaka kumi na tisa. Alijua yupi anang'ata, yupi anaogopa mwavuli, na yupi hujifanya anachechemea siku za mazoezi.

Mwaka ule makao ya wasichana ya upande wa pili wa mji yalianza kuleta mabinti wanane kila Jumatano. Wapo waliotoroka kwao, wapo waliopigana shuleni, na wawili hawakuwa wakizungumza na mtu kabisa. Mshauri wao, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliwaeleza wafanyakazi kwamba hawakuja kujifunza kupanda. Wangempiga farasi brashi, wangemlisha, wangemtembeza kwa kamba. Farasi hajui faili la mtu limeandikwa nini, alisema. Anachoangalia ni namna unavyomjia.

Wasichana waliposhuka kwenye basi, Kimya alikuwa amebeba ndoo ya maji. Wa tano kushuka alikuwa mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake.

Miezi saba kabla, baada ya msiba, afisa wa ustawi wa jamii alikuja kumwuliza kama angemchukua. Kimya alikuwa amesikia mengi: binti kavunja vioo vya jirani, katoroka mara tatu, ana mdomo. Akamwambia afisa kwamba nyumba ni ndogo, akatia saini karatasi ya kukataa. Chumba cha uani kilikuwa na baiskeli mbovu na magunia matupu tu. Hata kumuaga mtoto hakumuaga.

Sasa macho yao yalikutana, na binti akafungua mdomo. Kimya akainama, akajifanya anatengeneza mpini wa ndoo. Alipoinua kichwa, binti alikuwa ameshapita.

Binti alikabidhiwa farasi jike mzee, mwekundu, aliyestaafu mashindano na anayeruka kila akiona mkono umeinuliwa. Siku ya kwanza binti aliingia kwa kishindo, farasi akamgeuzia mgongo. Binti akarusha brashi ukutani na kutukana. Farasi akajibana kwenye kona, anatetemeka mapaja. Mshauri hakumkemea, alimwuliza tu anaona nini.

"Ananiogopa," akasema binti, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari zake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Jumatano iliyofuata alisimama mlangoni nusu saa, mikono chini. Ya tatu, farasi alimsogelea akamnusa bega. Kufikia ya sita alikuwa anamwinua mguu na kumsafisha kwato huku akimnong'oneza. Mshauri alisema makaoni siku hizi anamaliza sahani yake, na mwezi ulikuwa umekatika bila ugomvi.

Kimya aliyaona yote hayo kwa kuibia, nyuma ya marobota ya nyasi. Kila Jumatano aliamka ameazimia kusema, na kila Jumatano akajipa kazi upande wa mbali. Upande ule ulifagiwa mpaka ukang'aa, bosi akamsifu.

Siku moja mwenzake mmoja aliwatazama wote wawili akacheka, akasema mapaji ya uso yale yametoka kiwanda kimoja. Kimya akajibu kwamba binadamu hufanana. Binti, kwato ingali mkononi, hakugeuka.

"Mimi sina mjomba," akasema.

Hakuna aliyekuwa ametaja mjomba. Kimya peke yake ndiye aliyesikia neno hilo lilivyomlenga.

Jumatano ya tisa mshauri alizunguka na daftari, kila msichana ataje ndugu wa kualikwa siku ya mwisho ya ziara hizo. Binti akamwambia asiandike mtu. Kimya akaweka ndoo chini.

"Mama, mimi ni mjomba wake," alisema, mbele ya wote. "Niliulizwa nimchukue, nikasema sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo."

Binti aliendelea kupiga brashi, kisha akauliza bila kumtazama, "Siku ile ya kwanza ulinijua?"

"Nilikujua."

"Mimi nilijiambia umenisahau sura. Bora ningebaki hivyo hivyo."

Mshauri hakumfariji Kimya. Alimwandikia jina la afisa na saa za ofisi.

Kuanzia hapo Kimya alikwenda makaoni kila Jumapili. Jumapili nyingine binti alitoka, wakazungumza habari za yule farasi, maana hayo ndiyo waliyoyaweza. Nyingine alituma mtu aseme amelala, na Kimya akakaa kwenye kiti cha wageni mpaka muda ukaisha. Mwisho wa mwaka, karatasi za kumchukua zilipokamilika, binti mwenyewe alisema atajaribu, likizo kwanza.

Majirani walipomwona binti anaanika nguo uani, walimpongeza Kimya kwa moyo wake wa huruma, kumchukua yatima namna ile. Binti alikuwa karibu, anasikia. Kimya hakujua aweke wapi uso. Akawaambia kwamba alichelewa, tena sana, na akaenda kumsaidia kukamua shuka.