Nani Alimwambia Dokta Kwamba Navuta

Niling'olewa meno mawili ya juu wakati kazi yangu bado inahitaji mdomo. Sisi mafundi wa nguo wa mtaa wa Kamalondo tunashika pini kwa meno tunapompima mteja. Mimi zangu zikawa zinaanguka. Meno ya kuvaa na kuvua sikuyataka. Mteja mmoja akanielekeza kwa daktari wa meno wa mtaa wa Bel-Air anayefunga visi, yaani skrubu ndogo, ndani ya mfupa wa taya, kisha anaweka jino juu yake.

Nilikwenda asubuhi, nimepiga mswaki na kutafuna tangawizi. Daktari, mwanamume mwenye sauti ya chini, akanitazama mdomoni, akatazama picha ya taya, akauliza: "Papa, unavutaka tangu wakati gani?"

Hakuuliza kama navuta. Aliuliza tangu lini.

Nikamjibu kwamba ni kidogo tu, jioni. Akanieleza kwamba moshi unapunguza damu kwenye ufizi, kidonda hakiponi vizuri, na mfupa unaweza kuikataa visi. Niache kwanza, nirudi baada ya wiki kadhaa, na nisivute tena akishaifunga.

Nilitoka na hasira. Mke wangu amenisumbua kwa ajili ya sigara tangu tulipooana, na binti wa dada yake ni muuguzi katika kliniki ileile. Nikajumlisha. Nilipofika nyumbani nikamkuta anachambua maharage. Nikamuuliza kama aliwahi kuongea na yule daktari. Akasema hapana, bila kuinua macho, upesi mno.

Nikatafuta daktari mwingine, upande wa soko. Huyo akaniambia nilale kwenye kiti, tuanze palepale. Nikamuuliza, na sigara?

"Sigara iko mambo yako, papa."

Mfukoni mwa koti lake jeupe kulikuwa na pakiti. Hakunipiga picha yoyote. Nikamwambia ninaenda kumuaga mwenzangu nje, na sikurudi.

Basi nikaacha kuvuta, kwa shingo upande. Nikitoka uani, mke wangu alipata sababu ya kunifuata. Nikivua shati, alilinusa kabla ya kuliloweka. Mimi nami nilikuwa namsikiliza kila alipozungumza kwa simu na dada yake.

Niliporudi Bel-Air visi zilifungwa. Miezi ikapita, moja ikashika, nyingine ikalegea. Daktari akaniuliza kama nilivuta. Nikasema hapana, na ilikuwa kweli, lakini niliona hakuniamini. Akaitoa, akaacha mfupa upone, akafunga mpya.

Siku ya kufunga hiyo mpya, yule muuguzi akinisafishia mdomo, nikamuuliza waziwazi kama mama yake mdogo, mke wangu, aliwahi kufika pale.

"Mama mudogo alikuya," akasema. "Aliuliza kama sindano inaweza kuua muntu wa tension, mwenye presha ya damu sawa weye. Dokta akamuuliza kama unavutaka. Akajibu: mumuulize mwenyewe."

Jioni nikamuuliza mke wangu kwa nini alikana kwamba aliongea na daktari.

"Ulikuwa unaniangalia sawa polisi," akasema. "Na niliogopa utasema ni miye njo nilikuchongea kwa dokta."

Nikataka kujua basi daktari alijuaje. Akaniambia nicheke mbele ya kioo. Nikaenda. Meno yangu yaliyobaki yalikuwa ya rangi ya chai, na ufizi mweusi kuyazunguka. Nikafunga mdomo, nikaja kula.