Ndoo Moja Nakivale, Pete Mbili Makenke

Netiboli ni mchezo wa watu wasio na huruma. Unapewa mpira, halafu unaambiwa usitembee nao. Usiudundishe. Usikae nao zaidi ya sekunde tatu, kana kwamba umeuiba. Anayekuzuia naye asikusogelee. Akae futi tatu kutoka mguu wako, mikono juu kama anayeanika nguo. Nani alikaa akayatunga haya, sijui, ila nina hakika nyumbani kwake hapakuwa na shamba la kulima.

Mimi niliujua mchezo huu Nakivale, kambi ya wakimbizi upande wa Mbarara, miaka ya themanini, vita vya kule mjini vilipokuwa vimepoa na malori yameanza kupita tena bila watu kukimbilia kichakani. Mwalimu wetu alitoka Zaire, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na mchezo aliocheza yeye kwa masista wa Bukavu ulikuwa basketi. Netiboli alielezwa na mtu siku moja, akaja kutueleza sisi robo yake.

"Hapa hakuna kudundisha," alisema. "Unashika, unasimama, unatupa. Banasema ukitembea ni faulo. Ile ingine tutaijua mbele."

Hiyo ingine ndiyo iliyokuja kutuua.

Tatizo lilikuwa goli. Letu lilikuwa ndoo mbovu ya bati, imetobolewa kitako na kupigiliwa misumari juu ya mti wa kalitusi. Goli la pili halikuwepo. Hakuna mama aliyekubali kutoboa ndoo yake, na siwalaumu, maana maji ya ziwani hayachotwi kwa viganja. Basi timu zote mbili zilifunga kwenye ndoo hiyo hiyo. Mkinyang'anya mpira, mnapasiana mpaka kwenye kichuguu cha mwisho wa uwanja, mnageuka, mnarudi kushambulia pale pale. Kila mtu alikimbia kila mahali, na kila mtu alifunga. Tulikuwa na raha zetu, wala hatukujua kwamba tunacheza kitu kisichokuwepo popote duniani.

Aliyetushinda wote alikuwa rafiki yangu, binti wa Wanyarwanda ambao ng'ombe wao walikwisha njiani. Mwembamba, mpole, maneno yake ya siku nzima ungeyaweka kwenye kisoda. Lakini mpira ukifika mikononi mwake, unaenda zake ndani ya ndoo, awe karibu, awe mbali, awe amesukumwa. Mimi nilikuwa mrefu na mwenye mdomo, basi. Hivyo ndivyo tulivyogawana vipaji.

Siku moja ikaja habari kwamba mkuu wa shule moja ya sekondari ya wasichana Mbarara atakuja kututazama tukicheza na mabinti wa wanajeshi kambini Makenke. Angechukua msichana mmoja wa Nakivale, amlaze bweni na kumsomesha bure, kwa sababu timu yake ilihitaji damu mpya. Mmoja tu. Hatukubishana ni nani. Rafiki yangu alikuwa amemaliza msingi mwaka uliotangulia, na baba yake alishaanza kupokea wazee wenye fimbo na harufu ya siagi, waliokuja kumwangalia kama wanaochagua mtamba. Hakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Mimi nilifuata safari na soda.

Tulisafiri juu ya magunia ya mahindi, tukashuka Makenke weupe kwa vumbi. Loo, uwanja ule! Umechorwa mistari ya chokaa, una pete mbili za goli, huku moja na kule moja, na kila pete ina wavu. Refa alikuwa sajenti mwenye mguu mmoja mfupi na kijiti mkononi. Alitupanga mstari kama kuruta.

"Sikia! Uwanja iko vipande tatu," alisema. "Wewe mfungaji, nyumba yako ni kule mbele. Ukivuka hii laini, mimi napiga filimbi. Wewe kipa, unakaa huku nyuma. Watu wawili tu ndio wanafunga, tena ndani ya hii nusu duara. Mtu wa katikati, hata akiona Mungu ndani ya duara, asiingie!"

Rafiki yangu alisikiliza kama mtoto wa katekisimu, midomo ikirudia neno kwa neno. Mimi nilikuwa naangalia wavu, nikiwaza samaki wangapi wangeingia mle.

Mwalimu akampanga yeye mfungaji, mbele kabisa. Mimi akaniweka kipa.

Filimbi ilipolia, timu yetu yote ilifanya ilichozoea: ilikimbilia pete moja, ile iliyokuwa karibu na mpira, na hiyo ilikuwa pete yetu wenyewe. Mwenzetu mmoja akampokonya adui mpira, akageuka kwa madaha, akatupa. Ukaingia! Tukashangilia. Kambi nzima ikashangilia zaidi yetu. Sajenti alipiga filimbi huku machozi ya kicheko yakimtoka, maana hata kujifunga hakuruhusiwa. Yule hakuwa mfungaji.

Baada ya hapo ilikuwa maafa. Mpira ulihamia kwangu na haukutaka kuondoka. Niliruka, nilidaka, nilipigiwa filimbi. Nimemkaribia mtu: filimbi. Nimekaa na mpira nikitafuta wa kumpa: filimbi. Nikiinua macho, namwona rafiki yangu kule mwisho, peke yake chini ya pete, mkono juu. Nikaukusanya mwili wangu wote nikamtupia mpira kutoka huku hadi kule. Filimbi!

"Mpira haiwezi kuruka kipande mzima! Lazima mtu aguse katikati!"

"Afande, katikati hakuna mtu! Wote wako hapa wananikanyaga!"

"Funga mdomo, kipa!"

Wanajeshi wakacheka hadi wakashikana mabega. Nikatupa tena vile vile, kwa hasira, akapiga tena. Rafiki yangu alisogea mpaka kwenye mstari, vidole vya miguu vikigusa chokaa, mikono ameinyoosha kwetu.

"Vuka!" nilimpigia kelele. "Vuka bibi wee, atakufanya nini?"

Alitikisa kichwa, akaonyesha mstari kwa kidole. Alisimama pale mpaka mechi ikaisha. Hakugusa mpira, na mabao tuliyofungwa sitayataja.

Mkuu wa shule alishuka jukwaani na mwavuli wake, akampita rafiki yangu, akaja moja kwa moja kwangu. "Huyu mrefu mwenye kelele," alisema. "Huyu anapigana."

Mwalimu akamvuta rafiki yangu mbele. "Madamu, huyu ndiye anafungaka mingi. Mumupe mpira arushe, mutaona."

"Kurusha bila mtu wa kukuzuia hata mimi naweza," alijibu madamu, wala hakusema kwa ubaya. "Huyu sikumwona akifanya lolote."

Nilifurahi mno. Moyo ulinidunda nikaona Mbarara yote ni yangu, kisha nikamtazama mwenzangu, nikainama kujifuta vumbi la miguuni. Mimi nilianza sekondari muhula uliofuata. Yeye aliolewa kabla muhula huo haujaisha.

Lakini jioni ile, juu ya lori, alikuwa bado ni rafiki yangu tu, tumebanana, miguu yetu ikining'inia. Tulikuwa tumeshaipita Mbarara aliponigeukia, bila chuki, kama mtu anayeuliza njia.

"Wewe alikupigia filimbi mpaka akachoka," alisema. "Mimi hakunipigia hata moja."