Siku Kamati Iliponawa Mikono Kwetu

Watu wakinikuta mjini Eldoret siku hizi huniuliza kama nalikumbuka Bunge la Kaunti. Nawaambia ninachokumbuka ni chai ya saa nne tu. Uongo mtupu. Nakumbuka kila kitu: zulia lililokuwa bado linanuka gundi, siwa, lile rungu la Spika, ikiingizwa ndani nasi tumesimama wima kama watoto wa gwaride, na Spika akiita "Nidhamu!" hata kabla mtu hajaikosa. Tulikuwa kundi la kwanza la wawakilishi wa wadi. Nililala mwalimu wa shule ya msingi upande wa Turbo, nikaamka Mheshimiwa. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kazi ile, kwa hiyo tuliijifunza kwa kukosea mbele za watu, na wenzangu wengine walikosea kwa sauti kubwa sana.

Nilidhani ukitaka kumuuliza waziri wa kaunti habari ya dawa au barabara, unamkazia macho na kumuuliza. Wapi! Waziri hakuketi nasi. Unasimama, unaomba taarifa kwa mwenyekiti wa kamati, mwenyekiti anampelekea waziri, waziri anauliza maofisa wake, na jibu linarudi kwa njia ile ile likiwa limechoka. Mama yangu alinisikia kwa redio nikiomba taarifa yangu ya kwanza, na nilipofika nyumbani Ijumaa akaniuliza, "Kwani huyo waziri hana simu?"

Taarifa niliyoomba ilikuwa ya maji. Bomba la dispensari yetu lilikuwa limekauka tangu vita vya baada ya uchaguzi. Siku zile za moto, nyumba ya pampu kule bondeni ilichomwa, na mabomba yakafukuliwa na watu ambao mpaka leo tunapeana mikono kanisani. Tangu hapo mwanamke akienda kujifungua alienda na mitungi yake ya maji. Asiye na maji, muuguzi alimwelekeza mjini, na hakuwa na roho mbaya. Angenawa na nini? Ikawa desturi yetu. Mimba ikishakuwa kubwa, familia inateka maji, inaweka mitungi kando na kuifunika gunia, na hakuna ruhusa ya kuigusa hata kama ugali umekosa maji.

Aliyekuwa karibu kujifungua wakati ule alikuwa binti ya mama wa duka. Huyu mama wa duka alikuwa jirani yetu, mtu wa kabila lingine kutoka Central, aliyefungua duka pale kabla mimi sijaanza shule. Utotoni mwangu yeye na mama walikuwa chanda na pete. Walichambua mboga pamoja nyuma ya duka, wakichanganya lugha tatu na kucheka katika zote. Nikitumwa sukari nilikuwa nakaa huko mpaka nisahau nilichotumwa. Kisha vita vikaja, duka likachomwa, naye akakimbia na binti yake mpaka kambi ya wakimbizi pale mjini. Alirudi baadaye, akajenga tena duka, dogo kuliko la kwanza.

Lakini hawakurudi kama zamani. Walisalimiana barabarani, kila mmoja akiwa ameshika njia yake, na hakuna aliyekanyaga mlango wa mwenzake. Mama, ambaye maisha yake yote alimwita jirani, akaanza kusema "yule mama." Hakuchoma kitu, mama yangu. Lakini hakuzima pia, na nadhani hilo ndilo lililomfunga mdomo. Iliniuma kuona wazee wawili wanapitana hivyo. Iliniuma zaidi kwa sababu nilikuwa nimeahidi kila mtu maji, upande huu na ule, na niliamini kwamba bomba likilia tena, watu nao watazungumza.

Jibu la waziri lilisomwa Bungeni Jumanne mchana. Maji yapo, lilisema. Nilisimama kwa hoja ya nidhamu ambayo haikuwa na nidhamu hata kidogo. Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole aliyeishi mtaa wa wenye nacho wa Elgon View, aliniomba nipunguze sauti. Nikamwambia mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwake bomba halijawahi hata kukohoa. Bunge zima likacheka. Yeye naye akacheka, kwa kuwa alikuwa mtu mzuri, akasema basi, kamati itaenda yenyewe na waziri ataenda nayo, wakajionee kwa macho. Nilirudi kitini kama mtu aliyeshinda kura upya.

Nikapiga simu nyumbani kusema wageni wanakuja Alhamisi. Ningejua, ningesema tu ni wakaguzi.

Alhamisi tulifika na magari matatu. Nilishuka nikiwa nimepanga maneno yangu, na maneno yote yakaniishia mdomoni. Uwanja wa dispensari ulikuwa umefagiwa mpaka udongo unang'aa. Meza zilikuwa zimetandikwa vitambaa vya kanisa. Kulikuwa na chapati, kuku, maziwa ya mursik kwenye vibuyu vyake, na upande wa pili mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, kwenye sufuria ya harusi. Sufuria ile ilikuwa nzito, na waliokuwa wameishika, huyu sikio hili na yule sikio lile, walikuwa mama yangu na mama wa duka.

Sijui nieleze vipi. Tangu vita sikuwa nimewaona wamesimama kwenye moshi mmoja. Mama alikuwa anafoka kwamba sufuria imeinama, mama wa duka anajibu kwamba aliyeiinamisha ni yeye mwenyewe, na wanawake wengine wa pande zote mbili wanawacheka. Macho yalinijaa maji, nikajifanya nimeingiwa na moshi.

Hapo ndipo waziri alipokaribia bomba la dispensari, lile lililokauka, akalifungua. Maji yakatoka.

Yalitoka kwa nguvu. Waziri akanawa, mwenyekiti akanawa, kamati nzima ikapanga foleni na kunawa, na karani akaandika. Nilitazama juu ya paa nikaona ngazi bado imeegemezwa kwenye tangi. Nikaelewa. Wanawake walikuwa wamejaza tangi lile kwa mitungi, kwa sababu mgeni hawezi kufika kwako akakosa maji ya kunawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliielewa kuwa mwenyeji augue kimya kimya.

Mimi si mtu wa kunyamaza. "Mwenyekiti," nikasema, "hayo maji hayajatoka kwa pampu. Yamebebwa kwa mgongo kutoka mtoni."

Mwenyekiti akamgeukia mama, ambaye alikuwa amesimama na birika.

"Mama, ni ukweli?"

Mama aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia nikiomba nyongeza ya nyama mbele ya wageni. Kisha akatabasamu. "Maji iko," akasema. "Hakuna shida. Wageni wakunywe chai, inapoa."

"Iko," mama wa duka akadakia, akimpokea birika. "Huyu Mheshimiwa wetu anapenda maneno tu. Kaeni chini."

Basi kitu cha kwanza wale wawili kukubaliana tangu vita kilikuwa kunifanya mimi mwongo.

Ripoti ya kamati ililetwa Bungeni na kupitishwa. Maji yapo, na wananchi wa wadi hiyo ni wakarimu. Kwa wiki nzima wenzangu waliniita Mheshimiwa wa Mtungi. Mmoja aliniuliza kwenye chumba cha chai kama pia kuku wale walibebwa kwa mgongo. Nilijaribu kuirudisha hoja, Spika akanisomea Kanuni: jambo lililoamuliwa halirudi mbele ya Bunge kabla ya miezi sita kwisha. Miezi sita! Binti ya mama wa duka hakuwa amebakiza hata miwili kujifungua.

Nilienda nyumbani nikitoa moshi. Nilimwambia mama kwamba amenivua nguo mbele ya serikali. Alinisikiliza huku anakoroga uji. Nilipoishiwa na pumzi, akasema polepole, "Hao watu wanajua nini juu ya hapa kwetu? Wanajua tulichomana. Ndiyo hiyo tu walisikia kwa redio. Sasa wakuje mara ya kwanza, wapate hata maji ya kunawa hakuna? Nilitaka wakienda waseme huko watu wanakunywa chai pamoja."

Mimi, niliyekuwa na jibu la kila mtu, nilikunywa uji wangu nikalala.

Karani mmoja wa Bunge ndiye aliyenionyesha njia. Mwakilishi amefungwa na miezi sita yake, akasema, lakini mwananchi anaweza kuleta ombi lake mwenyewe, na kamati lazima imsikilize. Lilitakiwa tu liandikwe, wananchi waweke sahihi, na mmoja wao aje kulieleza. Nilirudi kwa mama na sahihi za watu kumi na kitu, nikiwa sina matumaini makubwa. Aliuliza swali moja tu.

"Huko kwa kamati ni kwa nani?"

"Ni kwao, mama. Ofisi yao."

"Basi nitaenda," akasema. "Lakini sitaenda peke yangu. Nitaenda na jirani."

Alisema jirani. Sikumsahihisha wala sikushangilia, nisije nikamwamsha.

Walikuja mjini wamevaa nguo za Jumapili. Chumba cha kamati kilikuwa kidogo, kina meza ndefu na vipaza sauti ambavyo mama alivikwepa kana kwamba vinauma. Waziri alikuwepo na maofisa wake. Wakaletewa chai na mandazi. Mama wa duka akanywa, mama akanywa, wakashukuru. Sheria ilinikataza kuzungumza kwa kuwa ombi halikuwa langu. Nilikaa nyuma nimekalia mikono yangu.

Mwenyekiti akafungua faili. "Mama, mnasema hapa kwamba dispensari haina maji. Na siku ile tulipokuja, wewe mwenyewe ulituambia maji yapo."

"Nilisema," mama akajibu.

"Sasa tushike lipi?"

"Siku ile mlikuwa kwangu," akasema mama. "Mwenye nyumba hawezi kumlilia mgeni. Leo niko kwenu, na mgeni akiwa na kiu anaruhusiwa kusema. Mzee, tuna kiu."

Waziri akaegemea mbele. "Na yale maji tuliyonawa, mama, yalitoka wapi?"

Mama akamtazama mwenzake, akaona haya kusema. Mama wa duka ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Mengi ilitoka mtoni. Lakini mlichelewa, wapishi wakatumia, tangi ikapungua, na mtoni ni mbali. Ikabidi tuongeze ile ya msichana wangu. Alikuwa ameweka ya kuzalia."

Hata mimi sikuwa nalijua hilo. Niliwaona wale wazee wa kamati wakitazama mikono yao juu ya meza. Waziri akasimama, jambo ambalo mawaziri hawakulifanya mle. "Mama, mimi nilinawa mpaka kwenye viwiko," akasema. "Sikuuliza."

"Ungeuliza namna gani?" mama akamwambia, kwa upole kabisa. "Ulikuwa mgeni."

Waziri alimgeukia ofisa aliyeandika lile jibu la kwanza, na sitarudia maneno aliyomwambia. Mafundi walifika wadi yetu wiki iliyofuata. Lakini mabomba yalikuwa yamefukuliwa umbali mrefu, pampu ikaagizwa, kisha mvua ikafanya bonde lisipitike, na mtoto hakungoja Bunge. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa mjini. Niliacha kikao katikati, Spika akiita jina la wadi yangu, nikaondoka.

Nilimkuta mama kwenye veranda ya dispensari, amekaa juu ya mtungi mtupu, mgongo wa rinda lake umelowa chapa. Alikuwa ameshuka mtoni na kupanda, na kushuka tena, kwa magoti yale yake. Nilikasirika. Nilikasirikia pampu, mvua, waziri, na mimi mwenyewe, Mheshimiwa aliyeahidi maji kwa kipaza sauti huku mama yake akiyabeba kwa kamba. Nilikuwa ndiyo naanza kusema mlango ulipofunguliwa.

Mama wa duka alitoka na mtoto ndani ya blanketi, msichana, ameshaogeshwa. Nilinyoosha mikono. Alinipita kama anayepita nguzo, akainama, akamweka mtoto kwenye mapaja ya mama yangu.

Mama hakumtazama mtoto kwanza. Alimtazama jirani yake. "Karibuni nyumbani," akasema.

Jirani yake alikuwa amerudi pale miaka mingi nyuma. Hakuna mtu, hata mmoja wetu, aliyekuwa amemwambia hivyo.