Kompyuta ya Tata Kabamba Iliyokataa Kuzimika

Katika mtaa mmoja wa Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, hakuna aliyezikwa kwa heshima bila kupitia mikononi mwa Tata Kabamba. Si kwamba alikuwa padri au mchimba kaburi. Yeye aliandika wasifu, ile karatasi inayosomwa mbele ya jeneza: marehemu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Miaka thelathini alikuwa karani migodini akiandika majina ya wafanyakazi, na alipostaafu mkono haukukubali kukaa bure. Familia zilimletea habari kwa mdomo, huku zikigombania tarehe, naye akazipanga kwenye kompyuta yake sebuleni mpaka zikanyooka.

Kwa kuwa alishaona jinsi watu wanavyoweza kuharibu maisha ya mwenzao kwenye ukurasa mmoja, aliamua kuandika wasifu wake mwenyewe angali hai. Mkewe, Mama Adèle, alimwambia huko ni kujitafutia balaa. Hakumsikiliza. Alianza mwezi wa Aprili, na kufikia Agosti kompyuta ikawa inakataa kuzimika.

Alibofya kuzima kama kawaida, kioo kikageuka buluu, yakatokea maneno ya Kifaransa kwamba kuna programu inazuia mashine isizimwe. Chini yake palikuwa na kitufe: zima hivyo hivyo. Kitufe hicho kilimtia hofu. Azime hivyo hivyo, halafu wasifu uende wapi? Basi alifanya wanavyofanya wengi katika mji ambao umeme hukatika bila kuaga, na mtu hujifunza kuuwahi kabla haujamwahi yeye. Alinyoosha mguu chini ya meza, akabonyeza kwa dole gumba swichi ya stabilizateri, kile kisanduku kinacholinda vyombo umeme unapopanda na kushuka. Kioo kikawa cheusi. Kesho yake alipowasha, maandishi yote yalikuwapo, akajiona mjanja.

Ujanja huo ulidumu wiki chache. Mashine ilizidi kuchelewa kuwaka, na Jumamosi moja asubuhi ilikaa karibu saa nzima ikizungusha kiduara chake. Tata Kabamba aliingiwa na hofu ya kweli. Alikuwa na miaka sabini na moja, wasifu haukuwa mahali pengine popote, na hakuwa tena na moyo wa kuuanza upya. Akampigia simu Wivine, mwanamke mwenye kibanda cha kuchapisha na kutengeneza kompyuta karibu na soko.

Wivine alikuja na begi lake, akaketi, akangoja kiduara kimalize. Hakufungua hata bisibisi. Alisoma kioo kwa muda, akageuka.

"Tata, hii mashini haiko mugonjwa," alisema. "Iko nakuuliza kitu kila siku, na weye haujibu. Unaikata tu na muguu."

"Inaniuliza nini?"

"Kama bile uliandika ubibeke ao ubitupe."

Akamwonyesha swali lenyewe kwenye kioo: kuhifadhi au kutupa. Kila mzee alipokata umeme, programu iliokoa nakala ambayo haikuhifadhiwa, na kesho yake ikaifungua pamoja na zile za nyuma. Sasa zilikuwa kumi na tisa, zote ni wasifu wa Kabamba, zote zikingoja ndiyo au hapana. Ndiyo maana mashine ilikuwa hoi. Dawa yake ni kubakiza moja na kuzifunga nyingine. Wivine akaweka mbili ubavu kwa ubavu, ajue ipi ndiyo yenyewe. Zilifanana neno kwa neno, isipokuwa mstari mmoja. Huku marehemu alikuwa na watoto saba, kule wanane.

"Tata," aliuliza, bila ubaya wowote, "uko na batoto ngapi?"

Mtaa mzima ulijua jibu, ila Wivine alikuwa mgeni aliyetoka Lubudi mwaka uliopita. Wa nane aliitwa Elisée, kitindamimba. Aliacha chuo mwaka wa tatu akaenda kuchimba kobalti pamoja na vijana waliotoka kila pembe ya nchi, na baba yake, aliyemtaka awe karani wa ofisini, alitamka mbele ya wajomba na shangazi: "Mi sina mutoto mu mashimo." Kijana alichukua begi lake. Miaka sita ilipita na jina lake halikutajwa tena mezani. Na huyu ni Kabamba yule yule aliyewafukuza watu sebuleni kwake walipotaka kumficha mtoto wa nje, akiwaambia karatasi ya matanga haidanganyi. Wasifu wake mwenyewe asubuhi aliuongezea jina la Elisée, jioni kiburi kikalifuta, na hakuna siku aliyothubutu kuhifadhi lolote. Aliona haya mbele ya mwanamke huyu asiyejua kitu.

"Munane," alisema.

Wivine akafunga nyingine zote. Kisha akaona kwamba mbele ya jina la kila mtoto paliandikwa kazi yake na watoto wake, ila Elisée alikuwa na jina tupu. "Huyu wa mwisho, kazi yake?"

Tata Kabamba alitazama mikono yake. "Andika anachimbaka."

"Na batoto?"

Mzee aliyejua wajukuu wa mtaa mzima hakujua kama Elisée ana mtoto. Mama Adèle alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono myeupe kwa unga wa bukari, ugali wa kwao.

"Moja," alisema. "Iko na miaka ine."

"Jina, mama?"

Mama Adèle hakumtazama Wivine. Alimtazama mumewe. "Kabamba."

Wivine akaandika, akahifadhi, akazima. Safari hii mashine ilizimika yenyewe. Tata Kabamba alibaki ameketi. Furaha na aibu vilimjia kwa pamoja, na hakujua kipi kinamtoa machozi.

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu anazaliwa. Weye njo ulisema hauna mutoto mu mashimo. Mi niko naye. Namuitaka ku telefone kila siku ya Mungu, kisha misa."

Mzee alinyoosha mkono, na mkewe akafuta unga, akatafuta namba, akampa simu. Iliita mara mbili tu.

"Mama?" Sauti ya Elisée ilikuwa na wasiwasi, maana haikuwa Jumapili. "Mama, kuko nini? Tata alikufa?"

Tata Kabamba akashika simu kwa mikono miwili.

"Hapana," alisema. "Mi niko, mwana yangu. Mi niko."